Debe Lililoachwa Idodi

Nimechoka. Kila nikienda Iringa kuwaamkia jamaa, lazima atokee mtu wa kunikodolea macho na kuniuliza, "Wewe si dada yake yule dereva aliyemuua mkewe kwa matairi makubwa?" Ndiyo, ni mimi, Mwanakhamisi wa Ilomba, Mbeya. Na dereva huyo ni Halfani, mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja. Alinifunga mdomo kwa ajili ya mtu mmoja. Halfani amekufa, na mtu huyo naye kafa mwaka jana, kwa hiyo sasa sina wa kumficha. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ndiyo mimi.

Baba yetu alitoka pwani na biashara ya chumvi na nguo, akafika Mbeya, baridi ikamshika, akaoa, akakaa. Alitaka Halfani awe mtu wa dukani. Wapi! Mtoto alikuwa hakai dukani hata kidogo. Alikimbilia Chunya, kwenye machimbo ya dhahabu, akawa anaosha malori, kisha anakaza nati, kisha anaendesha. Vita vya Hitla vilipokwisha alipata kazi Iringa kwa Mzee Ahmadi, mfanyabiashara aliyekuwa na duka mjini na kijiduka kingine huko Idodi, alikonunua asali na nta. Mimi nilikuwa nimeachika, nikamfuata mdogo wangu nimpikie.

Huko Idodi ndiko alikompata Evarista. Msichana wa Kihehe, Mkatoliki, mrefu, mcheshi, asiyeweza kupita mahali bila kumtania mtu. Ndoa ile ilitaka kutuua. Kwetu walisema binti si wa dini yetu. Kwao walisema dereva ni mtu wa njiani, kila kituo ana mke. Baba yake Evarista alikuwa amekwisha kufa, na mwenye kauli alikuwa mama yake, Bi Severina. Mama yule alilia, akasali, halafu siku moja akamwambia binti yake, "Haya, mchukue. Lakini nikisikia amekudharau, nitakuja kukuchukua kwa miguu yangu." Evarista akaolewa na rozari yake shingoni, na Halfani hakuwahi kumwambia aivue.

Sasa sikilizeni jambo hili, maana ndilo lililotumaliza. Kwa Wahehe, mama mkwe huwezi kumtazama usoni, sembuse kubishana naye. Mkikutana njiani unapisha, unashuka hata mtaroni. Kwetu nako ni hivyo hivyo. Basi Halfani alikuwa na heshima ya pande mbili, na juu yake hofu ya mtu aliyepewa mke kwa shingo upande. Mbele ya Bi Severina alikuwa haketi, hali, hatafuni hata kipande cha muwa. Nilimcheka sana. "Wewe unapambana na simba barabarani, halafu unamkimbia bibi kizee!" Yeye ananijibu, "Dada, simba hakunipa mke."

Mimba ya kwanza ya Evarista iliharibika. Alikuwa amepanda gari la watu wengine kutoka Idodi, yeye na mama yake, na nyuma kulikuwa na debe la petroli lililokuwa linavuja. Alitapika njia nzima, na hazikupita siku nyingi mtoto akatoka. Bi Severina akasema ni ile harufu, imeingia tumboni ikamchoma mtoto. Mtu wa hospitali alisema siyo. Lakini mama amekwisha kuona kwa macho yake, utamwambia nini?

Mimba ya pili ilipokuja, sote tulitembea kwa vidole. Na desturi ni kwamba mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa binti. Evarista angekwenda Idodi kabla ya masika na kujifungulia huko. Halfani hakukataa, angeanzia wapi? Lakini usingizi ulimhama. Njia ya Idodi wakati wa masika ina mbuga za udongo mweusi, ukikanyaga unakwenda na kiatu. Masika yaliyotangulia Landrova ya Mzee Ahmadi ilikaa tumbo chini katikati ya tope mpaka wanakijiji wakaichimbua kwa majembe, na kisiki kikatoboa tangi ubavuni. Halfani aliliziba kwa kipande cha sabuni ya mche, kama madereva wanavyofanya. Sabuni inashika, lakini ukijaza petroli ikaipita, inachuruzika. Tangu hapo tangi lile lilijazwa nusu tu, na petroli nyingine ikabebwa kwa madebe.

"Dada," aliniambia, "Evarista akipatwa na shida huko katikati ya masika, nitamtoaje?"

Akaanza kazi. Alikwenda Mbeya na lori la mahindi, akarudi na matairi manne ya lori la jeshi, yenye meno kama ya mamba, aliyoyapata kwa jamaa zake wa Chunya. Kwa fundi mmoja wa Ipogolo akaongeza vyuma kwenye springi, vitatu kila upande, gari likainuka kama mbuzi anayetaka kula majani ya mtini. Mzee Ahmadi hakukataa, maana naye alitaka nta yake itoke Idodi hata mvua ikinyesha. Evarista alilitazama gari lile, tumbo mbele, mikono kiunoni, akasema, "Haya, na mimi nitapandaje? Nileteeni ngazi ya kuezekea!" Tulicheka mpaka majirani wakatoka nje.

Lakini mdogo wangu hakuwa mjinga, na hapa ndipo damu inaponichemka nikisikia watu wanavyosema. Alijua. Siku ya kwanza alipopanda kilima kutoka Ipogolo kwenda mjini alirudi nyumbani, akachukua ufito, akaenda kupima tangi, akarudi tena. Nikamuuliza kulikoni.

"Linakunywa," alisema.

Akanieleza nikiwa nachambua mchele. Gurudumu likiwa kubwa, kila likizunguka mara moja gari linakwenda mbali kuliko zamani, na kulizungusha ni kuzito, lakini mashine ni ile ile na nguvu ni zile zile. "Ni kama kumtwisha mtoto gunia la mtu mzima. Atafika, lakini atakula sana." Kilima alichokuwa akipanda kwa gia ya tatu sasa kinataka ya pili, na gari likipanda kwa ya pili huku linalia, petroli inakwenda kama maji ya kuoshea vyombo. Ndani ya tope ni vibaya zaidi, kule kuna gia ya chini kabisa, mashine inapiga kelele na mtu anayetembea anakupita. Hata saa ya maili ilikuwa inadanganya, kwa sababu inahesabu mizunguko tu, haijui kama tairi limekua. Ukiisadiki, utadhani umekwenda karibu kumbe umekwenda mbali.

"Sasa umelitengeneza au umeliharibu?" nikamuuliza.

"Nimelitengeneza lifike. Kwa kushiba, hilo tena dawa yake ndogo. Debe moja la ziada, kila safari. Nusu ya tangi ilikuwa inanitoa Idodi mpaka hapa. Sasa hainitoi, hasa kwenye tope. Nusu ya tangi na debe moja, tunafika."

Hayo aliyasema kwa kinywa chake, na mimi ni shahidi.

Evarista akaenda kwao. Mvua ikaanza, ikakolea. Asubuhi moja akaja mtu kwa baiskeli, tope mpaka kifuani, akasema Evarista ameshikwa na uchungu, siku ya pili sasa, mtoto hatoki, na mkunga ameinua mikono. Apelekwe hospitali. Halfani hakungoja hata chai. Nikapanda naye, maana haifai mwanamke aletwe bila mtu wa upande wa mume.

Jamani, gari lile lilikwenda! Malori mawili tuliyakuta yamezama, madereva wake wamekaa juu ya mizigo wanavuta sigara, sisi tukayapita. Meno yale yalikuwa yanauma udongo, yanatema, yanauma tena. Halfani alikuwa anacheka peke yake. "Unaona, dada? Unaona?" Nami nikawa nampigia makofi kama mwendawazimu. Madebe mawili yalikuwa nyuma yetu. Tulipofika Idodi alimimina moja ndani ya tangi mpaka kwenye sabuni, na la pili likabaki zima, la kurudia.

Evarista tulimtoa ndani akiwa amebebwa. Aliniona, akajaribu kutabasamu, akasema, "Wifi, ngazi iko wapi?" Nikageuka kando, machozi yananitoka. Tukamlaza nyuma kwenye godoro. Mama yake akapanda kumshika kichwa, na hapo hapo akaona debe.

"Hilo nini?"

Halfani alikuwa amesimama kando ya gari, macho chini, kofia mkononi.

"Nauliza, hilo nini? Ni petroli? Mnataka kuniulia na huyu wa pili? Liondoeni!"

Halfani akalishusha. Akalibeba mbele, akataka kulifunga kwa kamba kwenye bampa. Bi Severina akapiga kelele kutoka nyuma kwamba upepo utarudisha harufu yote ndani, na pale mbele likitikisika litamwagika. Kelele zile hazikuwa za ukali, msinielewe vibaya. Zilikuwa za mama anayemwona mwanawe anakufa. "Mwanangu alitapika mpaka damu. Nilikuwepo. Ninyi hamkuwepo. Nakuombeni kwa jina la Mungu, mwacheni avute hewa safi."

Halfani alifungua mdomo. "Mama, njia..." Basi, akaishia hapo. Mtu mzima, dereva wa miaka, aliyekuwa akigombana na mabwana wa barabara kwa Kiswahili na kwa Kiingereza cha kubahatisha, alishindwa kumaliza sentensi mbele ya mkwewe. Mimi sikuwa na mkwe pale, nikasema, "Mama, gari hili siku hizi linakunywa sana, bila debe..." Halfani akanikata.

"Dada, acha." Halafu kwa sauti ya chini, kwangu peke yangu, "Tutafika Kalenga, nje kidogo ya mji. Pale sikosi mtu wa kunipa petroli. Nitaendesha kwa akili."

Debe likabaki kibarazani kwa Bi Severina.

Na kweli aliendesha kwa akili. Kwenye mteremko alizima mashine, gari likateleza lenyewe. Kwenye tambarare alikwenda kwa gia kubwa, taratibu, mguu mwepesi kama anayekanyaga mayai. Alikuwa anaongea na gari, midomo inacheza. Kama njia ingekuwa kama ilivyokuwa asubuhi, labda. Lakini mvua ilikuwa imenyesha tena nyuma yetu, na mbuga ile ya kwanza ilikuwa uji. Ikabidi aweke gia ya chini kabisa. Mashine ikalia, ikalia, gari linasogea kama kobe, na kila ilipolia nilimwona Halfani anafumba macho kidogo kama mtu anayechomwa sindano. Tukatoka, tukaingia mbuga ya pili. Tukatoka. Nyuma, Evarista alikuwa ameacha kuguna, na kule kutoguna ndiko kulikonitisha.

Tulianza kupanda vilima. Nilikuwa naona moshi wa nyumba mbele, nikasema moyoni, hapo ni karibu na Kalenga, alhamdulillahi. Gari likakohoa. Likakohoa tena, likasimama.

"Kuna nini?" Bi Severina akauliza. "Mbona tumesimama? Halfani, kuna nini?" Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumtaja kwa jina.

Halfani akasema, mikono ikiwa bado kwenye usukani, na sauti yake ilikuwa imara, "Mashine, mama. Imeharibika. Nitaitazama."

Akashuka, akainua boneti. Nikamfuata. Alikuwa ameinama ndani mle, anagusa waya huu, anagusa ule, hatengenezi chochote. Machozi yalikuwa yanadondokea kwenye mashine ya moto na kukauka.

"Petroli imekwisha," alininong'oneza. "Usiseme."

"Nisiseme nini? Yeye ndiye aliye..."

"Dada!" Akanishika mkono mpaka ukauma. "Akijua, atakufa pamoja naye. Atabaki na nini yule? Apa. Apa kwamba maadamu yu hai hutasema."

Nikaapa. Ningefanyaje? Akafunga boneti, akamwambia mkwewe kwamba anakwenda kutafuta gari jingine, akaondoka mbio kupanda kilima kile. Sijapata kumwona mtu mzima akikimbia vile. Alianguka, akainuka, akapotea kwenye kona.

Nikapanda nyuma. Bi Severina alikuwa anasali, rozari mkononi, anampepea binti yake kwa upindo wa khanga. "Angalau hewa ni safi," akaniambia. "Unaona? Hajatapika hata kidogo." Nikaitikia, "Ndiyo, mama." Evarista alinishika kidole. Mkono wake ulikuwa wa baridi na mdogo. Niliona uso wake unavyobadilika, nami nilikuwa nimekwisha kuona vifo, nikajua. Mama yake alichelewa kujua. Aliendelea kupepea na kupepea, na mimi sikuwa na moyo wa kumshika mkono aache.

Halfani alirudi na gari la misheni. Aliruka kabla halijasimama, akamsikia mama anavyolia, akakaa palepale barabarani kwenye tope. Mtoto hakuzaliwa. Walizikwa pamoja Idodi, na nyasi za kaburi lile zimekwisha kuota na kufyekwa mara nyingi.

Lawama haikukawia. Liberatus, kaka yake Evarista, ndiye aliyeanza, pale pale matangani. "Gari lilikuwa zima mpaka alipoanza kulichokoachokoa. Kuliinua, kulivalisha matairi ya lori! Mashine gani itastahimili?" Watu wakaguna, wakakubali. Ilikuwa rahisi kukubali, maana hata mtoto aliweza kuona kwamba gari lile halikuwa kama magari mengine. Mzee Ahmadi akayang'oa matairi, akayauza, akaajiri dereva mwingine. Mjini wakamwita Halfani Miguu Mirefu. Alikuwa anapita, wanacheka. Yeye alikuwa anaitikia salamu na kupita.

Nilimfokea, jamani, nilimfokea kila siku. "Sema! Sema ukweli hata kwa Liberatus tu!" Yeye alinijibu mara moja, na hakurudia tena: "Mimi nimefiwa na mke na mtoto. Hilo nalibeba. Yeye ukimwongezea kwamba ni kwa neno lake mwenyewe, hilo hakuna mtu wa kulibeba."

"Na wewe? Wewe ni chuma?"

"Nilikuwa na mdomo, dada. Ningeweza kusema. Heshima ilinishinda, basi na mimi nina sehemu yangu ya kosa."

Tukarudi Ilomba. Hakuendesha tena. Alikuwa akipakia magunia sokoni, mtu aliyejua gari kama mimi ninavyojua sufuria zangu. Kila mwaka, kiangazi, alipanda lori mpaka Iringa na kwenda Idodi na chumvi, sukari na doti ya khanga. Bi Severina hakutoka kumpokea hata mara moja. Halfani aliviweka mlangoni, akarudi nyuma, akaamkia kwa Kihehe, "Kamwene," kama walivyomfundisha, akasubiri. Hakuitikiwa. Akarudi Mbeya. Mwaka uliofuata akaenda tena. Mimi nilikuwa nikimwona anakunja zile khanga kwa makini vile, nalia kwa hasira.

Baridi ya Mbeya ikamwingia kifuani akiwa bado kijana wa kuoa tena. Hakuugua sana. Siku ya mwisho nilimuuliza kama kuna neno anataka nimpelekee mtu. Alitikisa kichwa tu, akanitazama, nami nikaelewa kwamba kiapo kingali palepale.

Siku ya mazishi watu walikuwa wamejaa uani, maiti imekwisha kuoshwa na kukafiniwa, jeneza liko tayari. Nikasikia mlangoni kuna mwanamke mgeni. Alikuwa Bi Severina. Alikuwa ametoka Idodi na Liberatus mara waliposikia kwa madereva kwamba Halfani anaumwa, kwa lori na kwa mabasi, na miguu imemvimba. Alikuwa amevaa doti mojawapo ya zile. Tukampisha kwenye mkeka wa wanawake, akakaa karibu yangu.

Kama ilivyo kwetu, kabla jeneza halijainuliwa mmoja wa wazee akasimama akasema, "Jamaa, huyu ndugu yetu anaondoka. Aliyemkopesha ajitokeze, sisi tupo. Na aliyekosewa naye, tunamwomba radhi."

Bi Severina akainuka. Alijishika begani kwangu ili aweze kusimama. Akasema kwa Kiswahili chake kizito, kwa sauti ambayo hata wanaume wa nje waliisikia:

"Mimi alinikosea. Alinichukulia mtoto wangu mmoja wa kike, kwa sababu ya kupenda kuchezea gari. Nilimchukia miaka yote hii. Lakini alikuja kwangu kila mwaka, na mimi nilimwona kwa dirisha. Leo mbele ya Mungu nimemsamehe. Alale."

Ua mzima ukasema Amina. Wanawake wakaanza kulia, wengine wakamshika mikono, wakambusu, wakasema huyu ndiye mama, moyo gani huu. Yeye akanigeukia mimi, machozi yanamtiririka, anangoja nimjibu, kwa kuwa mimi ndiye niliyebaki wa Halfani. Nilimtazama. Nilikuwa nayo yote hapa kooni. Alikuwa mzee, amekonda, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile uso wake ulikuwa umetulia.

Nikamwambia, "Ahsante, mama. Mungu akulipe."

Wanaume wakaliinua jeneza, wakatoka naye, mdogo wangu, amesamehewa.